Shaaban Robert na Safari ya Miswada Yake

Hapa kwetu Sachangwan, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, vijana waandishi huniuliza watapata wapi wakala wa kuwapelekea miswada yao kwa wachapishaji. Mimi huwasimulia maisha ya marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa forodha. Mawakala wa waandishi hawakuwa jambo la kwetu siku zile, na vitabu vyake vilichapwa mbali: Pambo la Lugha huko Johannesburg, Kusadikika na Nelson wa Uingereza mwaka 1951. Alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, mwenyewe hakukiona.

Wakala mwema husoma mswada, hutafuta mchapishaji anayefaa na kuupima mkataba. Fungu lake, mara nyingi asilimia 15, hulichukua mwandishi anapolipwa. Anayedai ada kabla ya kazi, ndugu msomaji, mwepuke. Ukimkosa wakala, usome mkataba mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Lakini kwanza umalize mswada. Shaaban Robert hakungoja wakala ndipo aandike.