Maisha ya Bibi Florence Nightingale, Mwuguzi

Sisi tukaao Newala twajua jinsi mji wetu unavyolitazama bonde la Ruvuma toka ukingoni mwa uwanda, na jinsi upepo wa jioni umburudishavyo mtu aliyechoka. Lakini mgonjwa wetu mara nyingi twamlaza chumbani penye giza, dirisha limefungwa, tukidhani ndiko kumtunza. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia habari za Bibi Florence Nightingale.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Tangu ujana aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Lakini jamaa zake wakamzuia asiwe mwuguzi, maana siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Hata mwaka 1851 akapata kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza katika nyumba ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner mwaka 1836.

Vita vya Crimea vilipokuwa vikipiganwa, alifika hospitali ya askari huko Scutari, karibu na Constantinople, mwezi wa Novemba 1854, pamoja na wanawake 38. Wakafanya kazi usiku na mchana, walakini vifo vikazidi. Mwezi wa Februari 1855 walikufa kama 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi wakaja wakaguzi toka Uingereza. Mifereji ya uchafu iliyokuwa chini ya nyumba ikasafishwa, hewa safi ikaingizwa. Ilipofika Juni, walikufa kama 2 tu katika kila 100. Baada ya vita Bibi huyu alizipanga hesabu hizo, akaonyesha wazi kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko silaha za adui.

Mwaka ule wa 1855 yeye mwenyewe alishikwa na homa kali. Akaletewa shada la maua ya mwituni, naye akasimulia baadaye kwamba tangu saa ile alipata nafuu upesi zaidi. Katika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, alifundisha kwamba mgonjwa apate mwanga na hewa safi, aweze kutazama nje dirishani, tena asinyimwe maua. Wengine walisema maua huharibu hewa ya chumba, yeye akakataa.

Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Akafariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye miaka 90.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitoa habari za wagonjwa waliopasuliwa. Wale 23 ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema, wakatumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta.

Basi, ndugu zetu, maji kwetu ni ya shida, wala hatuwezi kila mahali kupanda bustani kubwa. Lakini maji ya kunawia yaweza kukuza mwembe mmoja mbele ya wodi, mradi yasituame yakazaa mbu. Kwanza tusafishe mfereji. Kisha tufungue dirisha. Kisha tupande mti. Mgonjwa alalaye kitandani hawezi kujifanyia hayo. Sisi twaweza.