Vyumba 52 vya Lodi Egerton

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilizuru Njoro, karibu na Nakuru. Mimi nusura nibaki nyumbani kwa kukosa nauli, lakini mama alijikaza kuuza sukuma wiki mpaka pesa zikatimia. Hapa Jericho tunaishi watu sita katika vyumba viwili. Basi nilipoambiwa kwamba kasri la Lodi Egerton lina vyumba 52, na mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto, nilishika tama.

Maurice Egerton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874 katika ukoo wa kitajiri. Alipenda sana ndege, na mwaka wa 1910 alipata leseni ya urubani nambari 11 nchini mwao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alihamia Njoro akawa na shamba kubwa ajabu, enzi ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo.

Kasri alianza kulijenga mwaka wa 1938 kwa mtindo wa majumba ya mabwanyenye wa kwao. Vita vya Pili vikaukatiza ujenzi, likamalizika mwaka wa 1954. Husimuliwa kuwa alimjengea mchumba aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na bibi huyo akalikataa hata hili. Inasemekana tangu hapo wanawake walipigwa marufuku kukanyaga pale.

Sisi wasichana tulikanyaga! Tuliingia ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa, kisha tukatoka bustanini penye nyasi za kijani na miti mirefu. Pazuri jamani, lakini kimya kama makaburini. Mwenyewe alikaa mle miaka minne hivi tu. Alifariki mwaka wa 1958, na ulodi wake ukaisha naye.

Lakini kuna jambo lililobaki hai. Mwaka wa 1939 alikuwa ametoa ardhi ya kuanzisha shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Baadaye milango ilifunguliwa kwa wote, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Kasri nililitazama tu, lakini chuo ndicho ninachokitamani. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kwamba nataka kusomea kilimo huko. Hakuuliza lolote kuhusu kasri. Aliuliza karo ni pesa ngapi.