Otto Lilienthal na Upepo wa Kilimani

Bila shaka umekwisha kumwona mwewe akielea angani bila kupiga mabawa, wala haanguki. Je, ni nini kinachomshikilia? Mtu mmoja alitumia miaka mingi kutafuta jibu la swali hilo. Jina lake ni Otto Lilienthal.

Lilienthal alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Anklam, katika nchi ambayo sasa ni Ujerumani. Tangu utoto wao, yeye na ndugu yake Gustav walipenda kuwatazama korongo weupe, ambao huja hata Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya. Alipokuwa mhandisi, Lilienthal alipima nguvu ya hewa juu ya mabawa ya namna nyingi. Akaona kwamba bawa lililopinda kidogo, kama la ndege, huinuliwa vizuri kuliko bawa bapa. Mwaka 1889 alitoa kitabu kueleza mambo hayo.

Mwaka 1891 alianza kuruka mwenyewe. Chombo chake hakikuwa na injini, bali mabawa ya fito yaliyowambwa kitambaa. Alikishika, akakimbia kuteremka kilima huku akiukabili upepo. Fikiri kidogo: upepo ukikutana na kilima hufanya nini? Hauna njia ila kupanda. Upepo huo upandao ndio uliomwinua, na mara nyingine ulimfikisha juu kuliko pale alipoanzia. Aliruka zaidi ya mara 2,000, na safari zake ndefu zilifika meta 250.

Lakini alikiongoza chombo chake kwa kusogeza mwili tu. Tarehe 9 Agosti 1896 chombo kiliinuka upande wa mbele, kikapoteza mwendo, kikaanguka kutoka kimo cha meta 15 hivi. Lilienthal aliumia uti wa mgongo, akafa siku ya pili yake.

Hata hivyo kazi yake haikupotea. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walisoma habari zake, wakatafuta njia bora ya kuongoza mabawa. Mwaka 1903 wakarusha eropleni yenye injini. Hata leo, warukao bila injini huutafuta upepo upandao milimani.

Basi utakapomwona tena mwewe akielea juu ya kilima, angalia upepo unatoka upande gani. Nawe utakuwa umeanza kujifunza kama Lilienthal.