Edward Mutesa: Kabaka aliyekuwa Rais bila mamlaka ya Rais

Tarehe 9 Oktoba 1963, mwaka mmoja kamili baada ya Uganda kujipatia uhuru kutoka kwa Uingereza, Sir Edward Mutesa wa Pili, Kabaka wa 35 wa Buganda, alishika wadhifa wa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Miaka sita baadaye alifariki dunia uhamishoni mjini London. Kilichomwondoa madarakani ni mzozo ambao katiba ya uhuru ilikuwa imeubeba tangu mwanzo: nani hasa anaongoza serikali?

Mutesa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924 huko Makindye, Kampala, akiwa mtoto wa Kabaka Daudi Chwa wa Pili. Baba yake alipofariki mwaka 1939, Lukiiko, yaani baraza la Buganda, lilimteua kijana huyo wa miaka 15 kumrithi. Alisoma King's College Budo, kisha Makerere, na baada ya vita akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko Uingereza alipewa pia cheo cha heshima katika kikosi cha Grenadier Guards. Aliporejea Mengo alikuwa mwenye adabu za Kiingereza, na baadhi ya raia wake walimwona kuwa mbali nao.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1953. Waziri mmoja wa Uingereza alikuwa amegusia uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki, jambo lililoitia Buganda hofu ya kumezwa na walowezi wa Kenya. Mutesa alidai ufalme wake utenganishwe na sehemu nyingine za Uganda na upangiwe tarehe ya uhuru. Gavana Andrew Cohen alimfukuza nchini tarehe 30 Novemba mwaka huo. Ni adhabu iliyomgeukia mtoaji wake, kwani Kabaka aliyekuwa akilaumiwa akawa shujaa, na tarehe 17 Oktoba 1955 alipokewa Kampala kwa shangwe kubwa.

Alirejea, hata hivyo, kwa masharti. Makubaliano mapya yalimfanya mfalme wa kikatiba, huku kazi za utawala wa Buganda zikiwa mikononi mwa mawaziri wanaowajibika kwa Lukiiko. Kwenye karatasi, Kabaka alibaki kuwa alama ya umoja. Kwa vitendo, hakuna aliyeweza kuongoza Mengo bila ridhaa yake.

Wasiwasi wa Buganda kuhusu nafasi ya mfalme wake baada ya uhuru ulizaa chama cha Kabaka Yekka mwaka 1961. Chama hicho kiliungana na Uganda People's Congress cha Milton Obote, na kwa pamoja wakakiondoa madarakani chama cha Democratic Party cha Benedicto Kiwanuka katika uchaguzi wa Aprili 1962. Obote akawa waziri mkuu. Mwaka uliofuata, bunge lilimchagua Mutesa kuwa rais, na Kyabazinga wa Busoga, William Wilberforce Nadiope, kuwa makamu wake.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Nchini Marekani, katiba imeyaweka mamlaka yote ya utendaji mikononi mwa rais: yeye ni mkuu wa nchi, ni mkuu wa serikali, na mawaziri ni wasaidizi wake. Uganda ilifuata njia ya Uingereza. Rais alifungua bunge, alitia saini sheria na kupokea mabalozi, lakini alitenda kwa ushauri wa baraza la mawaziri lililoongozwa na waziri mkuu. Mpangilio huo unaweza kufanya kazi pale rais asipokuwa na upande. Mutesa alikuwa nao, tena upande wenye serikali yake, bunge lake na ardhi yake, umbali mfupi kutoka ofisi za serikali kuu.

Mtihani ulikuja mwaka 1964. Kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Bunyoro ilinyang'anywa na kupewa Buganda katika miaka ya 1890, zilipangiwa kura ya maoni. Kabaka alijaribu kuwahamishia huko askari wastaafu wa Buganda ili kuongeza kura, lakini hawakuruhusiwa kupiga kura. Tarehe 4 Novemba wakazi walichagua kurudi Bunyoro. Rais wa Uganda alitakiwa kutia saini sheria ya kuupunguza ufalme wa Kabaka wa Buganda, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Alikataa, na waziri mkuu akatia saini badala yake. Ni vigumu kuona namna ambavyo angeweza kutenda tofauti bila kuusaliti mmoja kati ya viapo vyake viwili.

Muungano wa vyama hivyo viwili ulikuwa tayari umevunjika. Februari 1966, bunge lilipitisha hoja ya Daudi Ocheng ya kumchunguza Kanali Idi Amin kuhusu dhahabu ya Kongo, tuhuma zilizomgusa pia Obote. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza huko Entebbe. Siku mbili baadaye Obote aliisimamisha katiba, kisha akajitwalia mamlaka ya rais. Alimshutumu Mutesa kwa kuomba msaada wa kijeshi kutoka nje. Mutesa alikiri kuwa aliwaendea mabalozi, akisema ilikuwa tahadhari tu. Aprili, wabunge waliidhinisha katiba mpya ambayo hawakuwa wamepewa nafasi ya kuisoma, na Obote akawa rais mtendaji.

Lukiiko lilijibu kwa kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa Mei. Alfajiri ya tarehe 24 Mei wanajeshi wakiongozwa na Amin walilishambulia kasri la Mengo. Mutesa aliruka ukuta wakati mvua kubwa ikinyesha, akatoroka hadi Burundi na hatimaye London. Katiba ya Septemba 1967 ilifuta falme zote. Kasri likageuzwa kambi ya jeshi, na Bulange, jengo la Lukiiko, likawa makao ya wizara ya ulinzi.

Mutesa alifariki tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45. Polisi ya Uingereza ilisema ni sumu ya pombe. Wafuasi wake wanaamini aliuawa. Mwaka 1971 Amin, aliyekuwa ameongoza shambulio la Mengo na sasa amempindua Obote, aliurejesha mwili wake ukazikwa Kasubi kwa heshima za kitaifa.

Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, na mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, akatawazwa tarehe 31 Julai. Katiba ya mwaka 1995 inawakataza viongozi wa jadi kushiriki siasa za vyama na kushika mamlaka ya utendaji serikalini.