Joseph Ileo: raisi wa kwanza wa Seneti aliyepewa serikali mara mbili bila kura ya bunge

Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, wakaaji wa Léopoldville waliokuwa karibu na redio walisikia sauti ya Raisi Joseph Kasa-Vubu. Congo ilikuwa imepata uhuru miezi miwili tu iliyopita. Raisi alitangaza kwamba amemfukuza kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba pamoja na mawaziri sita, akiwemo Anicet Kashamura wa Kivu. Kisha akataja jina la mtu aliyempa kazi ya kuunda serikali mpya: Joseph Ileo.

Jina hilo halikuwa geni. Ileo ndiye aliyekuwa raisi wa Seneti, mtu wa kwanza kukalia kiti hicho katika Congo huru. Kazi yake ilikuwa kuongoza moja ya mabaraza mawili yaliyokuwa na haki ya kuipokea serikali au kuikataa. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyehitaji kupokelewa. Hakupokelewa, si mwaka huo wala mwaka uliofuata. Ileo alipewa kuongoza serikali ya Congo mara mbili, na mara zote mbili bunge halikumpigia kura.

Mtoto wa Léopoldville

Joseph Ileo alizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 15 Septemba 1921. Alikulia katika mji ambao Wabelgiji waliugawa sehemu mbili, upande wa Wazungu na upande wa Waafrika. Kama vijana wengine waliosoma kwa wamisionari, aliingia katika kundi dogo la Wakongomani waliojua Kifaransa vizuri na waliokuwa na kazi za ofisini, lakini hawakuwa na sauti yoyote katika utawala wa nchi yao.

Kundi hilo ndilo lililomtoa. Mwishoni mwa mwaka 1955, profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alitoa mpango wa kuipatia Congo uhuru kwa muda wa miaka 30. Huko Ubelgiji wengi waliona miaka hiyo ni michache mno. Katikati ya mwaka 1956, Ileo na wenzake waliokuwa wakitoa gazeti la Conscience africaine wakachapisha tangazo lao. Waliukubali mwendo wa polepole, lakini wakadai Wakongomani washirikishwe katika kupanga kesho yao wenyewe. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, chama cha ABAKO cha Kasa-Vubu kilijibu kwa ukali zaidi kwamba hakuna sababu ya kungoja miaka 30.

Hapo tabia ya Ileo ilijulikana. Alikuwa mtu wa maandishi na wa mazungumzo, hakuwa mtu wa kusimamisha umati uwanjani. Mwezi Oktoba 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa Mouvement National Congolais, MNC, pamoja na Lumumba, Cyrille Adoula na Joseph Ngalula. Chama hicho kilitaka Congo moja bila kujali makabila. Lumumba akawa mkubwa wake, na haukupita mwaka kabla wenzake hawajalalamika kwamba anaamua mambo peke yake. Mwezi Julai 1959 chama kilipasuka. Ileo, Adoula na Ngalula wakatoka, na upande wao ukaja kuongozwa na Albert Kalonji. Watu walioanzisha chama kimoja wakaingia uchaguzi wa 1960 wakiwa mahasimu.

Viti viwili vya Juni 1960

Sheria ya msingi iliyotolewa na Ubelgiji mwezi Mei 1960 iliipa Congo mabaraza mawili. Baraza la Wabunge lilikuwa na viti 137. Seneti ilikuwa na viti 84, maseneta 14 kwa kila mojawapo ya majimbo sita, na kati yao walikuwemo machifu wa mila. Kivu wakati huo ilikuwa jimbo moja pamoja na Maniema, na makao yake makuu yalikuwa Bukavu. Masisi ilikuwa ndani ya jimbo hilo.

Tarehe 21 Juni, wabunge walimchagua Joseph Kasongo, mtu wa Lumumba, kuwa raisi wa baraza lao kwa kura 74 dhidi ya 58 za Jean Bolikango. Katika Seneti mambo yaligeuka. Ileo, ambaye hakuwa tena upande wa Lumumba, ndiye aliyepata kiti. Joseph Okito, rafiki wa karibu wa Lumumba, akawa mmoja wa makamu wake. Hivyo tangu siku ya kwanza mabaraza mawili yaliongozwa na watu wa pande mbili.

Raisi wa baraza, ambaye jirani zetu wa Tanzania na Kenya humwita spika, hana jeshi wala sanduku la pesa. Uwezo wake uko katika mambo ambayo mtu wa mbali anaweza kuyaona madogo: kufungua kikao na kukifunga, kumpa mtu nafasi ya kusema au kumnyima, kuhesabu kama waliohudhuria wanatosha, kutangaza hesabu ya kura. Lakini hesabu hiyo ikishatangazwa, serikali inaweza kusimama au kuanguka.

Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni, ilionyesha nguvu hiyo. Kasongo ndiye aliyeongoza sherehe katika Palais de la Nation. Baada ya Mfalme Baudouin na Kasa-Vubu kusema, alimpa nafasi Lumumba, ambaye hakuwa katika ratiba. Hotuba ya Lumumba juu ya mateso ya ukoloni ilisikika dunia nzima.

Siku tisa za Septemba

Mwezi Julai askari waliasi, Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga, na jeshi la Umoja wa Mataifa likaingia. Mwezi Agosti Kalonji naye akaitenga Kasai ya Kusini. Ndipo ilipofika ile jioni ya tarehe 5 Septemba.

Sheria ya msingi ilimruhusu raisi wa nchi kuwateua mawaziri na kuwaondoa, na uamuzi wake ulihitaji saini ya waziri. Kasa-Vubu alipata saini mbili, ya Justin Bomboko na ya Albert Delvaux. Lakini sheria hiyohiyo ilisema serikali lazima ipate imani ya mabaraza yote mawili. Hapo ndipo ugomvi ulipokaa: je, raisi anaweza kumwondoa waziri mkuu ambaye bunge bado linamtaka?

Tarehe 7 Septemba wabunge walijibu. Lumumba naye alikuwa ametangaza kumfukuza Kasa-Vubu, kwa hiyo kwa kura 60 dhidi ya 19 walifuta maamuzi yote mawili. Kesho yake ikawa zamu ya Seneti. Maseneta walimsikiliza Lumumba, kisha kwa wingi mkubwa wakaukataa uamuzi wa Kasa-Vubu. Baraza lililokuwa limemchagua Ileo kuliongoza likakataa uamuzi uleule uliompa Ileo uwaziri mkuu.

Hata hivyo Ileo aliendelea. Tarehe 10 Septemba majina ya mawaziri wake yalitangazwa, lakini serikali hiyo haikufika mbele ya mabaraza kuomba imani. Tarehe 13, mabaraza yalikutana pamoja na kumpa Lumumba mamlaka kamili kwa kura 88 dhidi ya 5. Wapinzani walisema waliohudhuria hawakutosha. Tarehe 14 Kasa-Vubu alilisimamisha bunge kwa mwezi mmoja. Jioni hiyohiyo Kanali Joseph Mobutu akatangaza kwenye redio kwamba jeshi linawaweka pembeni wanasiasa wote hadi mwisho wa mwaka. Nchi ikakabidhiwa vijana wasomi walioitwa makomisari, chini ya Bomboko.

Wengi humkumbuka Ileo kama mtu aliyetumiwa na Kasa-Vubu. Waliomtetea walisema aliamini kweli kwamba Lumumba anaipeleka nchi kwenye vita, na kwamba raisi alikuwa na haki ya kisheria. Lakini hata mtu akiikubali haki hiyo, linabaki jambo moja. Ileo alijua kuliko wengine njia ya kufuata, maana alikuwa mlinzi wa mlango wa njia hiyo. Alipokubali kuteuliwa kabla ya kura, na kuendelea baada ya kura kumkataa, wenye bunduki walipata somo. Siku tisa baada ya redio ya Kasa-Vubu, ilikuja redio ya Mobutu.

Makamu aliyeuawa

Walioumia zaidi walikuwa wengine. Lumumba alitoroka nyumbani kwake Léopoldville usiku wa tarehe 27 Novemba, akielekea Stanleyville, akakamatwa njiani karibu na mto Sankuru. Okito, makamu wa Ileo katika Seneti, alikamatwa pia, pamoja na waziri wa zamani Maurice Mpolo. Tarehe 17 Januari 1961 wote watatu walipelekwa Katanga kwa ndege huku wakipigwa. Usiku uleule walipigwa risasi porini, mbali kidogo na Élisabethville, na Okito alitangulia kuuawa. Alikuwa na miaka 50.

Tarehe 9 Februari, kabla Katanga haijatangaza vifo hivyo, Kasa-Vubu aliwaondoa makomisari na kumrudisha Ileo kuwa waziri mkuu wa serikali ya muda. Bunge lilikuwa bado limefungwa. Serikali hiyo haikutawala nchi nzima. Tshombe alikuwa Katanga, Kalonji alikuwa Kasai ya Kusini, na Antoine Gizenga alikuwa Stanleyville na serikali yake. Kivu ilikuwa imeingia upande wa Stanleyville tangu mwisho wa Desemba 1960, kwa hiyo amri za Ileo hazikufika Bukavu, sembuse milima ya Masisi.

Umoja wa Mataifa ulidai bunge liitwe tena. Julai 1961 wabunge na maseneta walikusanywa katika chuo kikuu cha Lovanium, juu ya kilima nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa ONU, bila ruhusa ya kutoka. Tarehe 2 Agosti walimpa imani Cyrille Adoula karibu kwa sauti moja. Ileo akaondoka katika uwaziri mkuu bila kelele, akamwachia rafiki yake wa zamani kile ambacho yeye hakuwahi kukipata, yaani kura.

Miaka ya mwisho

Alikuwa waziri chini ya Adoula, na Januari 1963, Katanga iliposhindwa, alitumwa Élisabethville kuiwakilisha serikali kuu. Baada ya Mobutu kuchukua nchi moja kwa moja tarehe 24 Novemba 1965, mabaraza yalinyauka. Katiba ya 1967 ilibakiza baraza moja tu, na Seneti ikafutwa. Ileo aliishi humo kama wengi wa kizazi chake, hata akaingia katika ofisi ya siasa ya MPR, chama pekee.

Mobutu aliporuhusu vyama vingi mwezi Aprili 1990, mzee huyo alirudi uwanjani. Aliongoza chama cha PDSC na kuingia katika Union sacrée, umoja wa wapinzani, pamoja na Étienne Tshisekedi. Watu waliomwona akidai serikali itokane na watu walijua historia yake, na bila shaka yeye pia aliijua. Alifariki Septemba 1994, akiwa na miaka 73, bila kuiona Seneti ikirudi. Ilirudi mwaka 2003, katika serikali ya mpito.

Kiti hicho na watu wa Masisi

Kwa mtu wa Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, habari hizi zinaweza kuonekana za mbali. Lakini chini ya katiba ya 2006, kiti cha raisi wa nchi kikibaki wazi, raisi wa Seneti ndiye anayekikalia kwa muda. Na raisi wa nchi hawezi kutangaza utawala wa kijeshi katika jimbo bila kushauriana kwanza na maraisi wa mabaraza yote mawili. Utawala huo ulioanza Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021 uliongezwa tena na tena kwa kura za bunge. Mwaka 2009, Vital Kamerhe alikiacha kiti cha raisi wa bunge baada ya kulalamika hadharani kwamba askari wa Rwanda wameingia Kivu ya Kaskazini bila bunge kujulishwa.

Mwezi Desemba 2023 vita vilizuia Masisi na Rutshuru kupiga kura. Ileo aliongoza serikali ambayo bunge halikuichagua. Watu wa Masisi wako upande wa pili wa jambo hilohilo: kura zinazogusa maisha yao zinahesabiwa Kinshasa katika bunge ambalo wao hawakupata nafasi ya kulichagua.