Philip Drinker, enjinia wa vumbi aliyerudishia watu pumuzi

Sisi wa familia za mugodi tunajua vumbi. Basi tumujue pia Philip Drinker, Mumarekani wa kuzaliwa 1894. Hakukuwa munganga. Alikuwa enjinia, na kazi yake ku Harvard ilikuwa kuchunguza vumbi na gazi zenye kuharibu afya ya wafanyakazi.

Wakati ule polio ilikuwa inaua watoto. Mapafu ilikuwa mazima, lakini ugonjwa uliharibu neva, misuli ya kifua ikalala, mutoto akakosa pumuzi. Drinker na mwenzake Louis Shaw wakatengeneza sanduku kubwa ya chuma. Mugonjwa analala ndani, kichwa kinabaki inje. Mashini ikivuta hewa ya sanduku, kifua kinapanuka, pumuzi inaingia. Ikirudisha hewa, pumuzi inatoka.

Mwezi wa 10 1928, ku Boston, wakaingiza mutoto mwanamuke wa miaka 8 mwenye alikuwa anakata roho. Kisha muda mufupi akaamuka. Kisha siku kidogo homa ya mapafu ikamuua, lakini njia ilikwisha kuonekana, na wengi wakapona.

Hatufiche: mashini ilikuwa bei kali. John Emerson alipotengeneza ya bei ndogo, Drinker akamushitaki, akashindwa.

Kisha akaendelea na vumbi. 1936 alitoa pamoja na Theodore Hatch kitabu juu yake. Alikufa 1972. Tushike hii: mwenye misuli yake imelala hajakufa. Anangojea tu nguvu ya inje imupumulishe.