Louis Braille na Kusoma kwa Vidole

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza matandiko ya farasi.

Louis alipokuwa na miaka 3, alichezea chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Chuma kikamchoma jicho. Jicho likaoza, na ugonjwa ukaingia jicho la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu mjini Paris. Vitabu vya shule hiyo vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Kidole kilipaswa kufuata umbo zima la kila herufi. Kusoma kulikwenda polepole sana. Herufi zile zilifaa macho, hazikufaa vidole.

Mwaka 1821 wanafunzi walijulishwa maandishi ya Charles Barbier, aliyekuwa askari zamani. Yalikuwa nukta zilizoinuka. Louis aliona kwamba kidole hutambua nukta upesi kuliko mistari. Lakini alama moja iliweza kuwa na nukta 12. Kidole hakikuweza kuzigusa zote kwa mara moja.

Louis akazipunguza. Alitumia nukta 6 tu, katika safu 2 za nukta 3. Sasa herufi nzima ilienea chini ya ncha ya kidole. Tena vipofu waliweza kuandika wenyewe, kwa chuma chenye ncha kama kile kilichompofusha. Mwaka 1824 alikuwa na miaka 15 tu.

Baadaye akawa mwalimu shuleni hapo. Mkuu mmoja wa shule aliyakataza maandishi yake, lakini wanafunzi waliyatumia kwa siri. Braille alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Shule iliyakubali rasmi mwaka 1854. Leo vipofu wa nchi nyingi huyasoma. Sisi huyaita nukta nundu.

Kidole hujifunza kwa mazoezi, kama macho yetu yalivyojifunza kutambua a na b. Basi kipofu naye anaweza kusoma.

Maswali

1. Kwa nini herufi za kawaida hazikufaa vidole?
2. Braille alibadili nini katika nukta za Barbier?
3. Fumba macho. Mwenzako apange punje za mahindi mezani. Zihesabu kwa kidole kimoja.
4. Je, kijijini kwenu yuko kipofu asiyesoma? Jadilianeni jinsi ya kumsaidia.